Numero ya Moteri

Kamanyola, tarehe 14 Januari 2023

Mama Gisèle,

Pokea salamu za huku chini kwenye joto. Tuko wazima. Muke wangu, Tantine wako Bibiane, bado magoti yanamusumbua, lakini misa ya kwanza hakosi. Binti yetu Larissa amepewa darasa ya tano kufundisha. Nilimuuliza kama kelele ya watoto haimuchoshi, akajibu kitu, sikusikia. Masikio yangu unayajua: miaka kumi na saba juu ya trakteri imeyamaliza. Simu ikilia, mimi naona tu inatembea juu ya meza. Ndiyo maana naandika, na Christophe wa taksi-bisi ndiye posta yetu.

Wewe uliyebeba jina la mama yangu, leo nakuomba kama mutoto anavyoomba mamake. Trakteri nyekundu imesimama tangu Noeli. Inatoa moshi mweupe, maji yanapungua kwenye radiateri, na mafuta ya moteri yamegeuka meupe kama maziwa. Ezéchiel, fundi wetu, amefungua kulasi, kile kifuniko kizito cha juu ya moteri. Anasema jwenti, ile karatasi ngumu inayoziba chini yake, imeungua tena. Ni mara ya tatu. Mara mbili alikaza buloni, zile bolti za kulasi, kwa kubahatisha, sasa anakataa. Nilimuuliza kama yeye ni fundi ao mwanafunzi. Akachukua kikaratasi, akaniandikia kwa herufi kubwa: FUNDI. ILA BILA KITABU SIKAZI.

Basi nitafutie kitabu cha kutengeneza trakteri, cha Kifaransa. Nyumba kumi na nane zinalima na hii mashini. Musimu wa Februari tumeshaupoteza. Wa Septemba siukubali upotee.

Usimuambie baba yako, yaya yangu Mugisho. Presha yake haipendi mambo ya mashini.

Baba yako mudogo,
Anaclet

*

Bukavu, 29 Januari 2023

Baba Mudogo,

Barua yako ilinifikia Alhamisi, ikiwa na alama ya mafuta ya mawese. Christophe anaomba radhi. Kwetu kuna mvua na matope. Watoto wanasoma. Hapa kazini, bibliotheki ya chuo, paa lilivuja juu ya rafu ya sheria, tumekausha vitabu kwa feni siku nne. Baba yuko vizuri kule Mumosho. Amepanda miche ya kahawa na presha imeshuka. Sijamwambia kitu.

Nilienda sokoni Kadutu kwa mtu anaitwa Hugues, anayeuza vitabu vya mashini, vingine vya zamani, vingine anachapa mwenyewe. Nilipomwambia nataka kitabu cha trakteri nyekundu, alicheka mpaka akakaa. “Maman, ukienda kwa masista kuomba misale, watakuuliza: ya Jumapili ao ya kila siku? Na mimi nakuuliza.” Akanieleza. Kuna kitabu cha dereva, kinachofundisha kuweka mafuta na kusafisha filtre. Kuna orodha ya vipande, ni picha na numero tu. Na kuna kitabu cha atelie, yaani cha karakana, chenye vipimo vya kukaza kila buloni. Fundi wako anahitaji hicho cha tatu. Lakini aina moja ya trakteri ilitoka na moteri tofauti kadiri ya mwaka, na kila moteri ina vipimo vyake. Kitabu kisicho chake ni kibaya kuliko kukosa kitabu.

Kwa hiyo anataka vitu viwili: maandishi ya kibati kilichopigiliwa kwenye bodi, na numero iliyochongwa ubavuni mwa moteri. Larissa apige picha zote mbili, anitumie kwa simu. Ni kazi ya dakika mbili.

Gisèle

*

Kamanyola, tarehe 20 Februari 2023

Mama Gisèle,

Huku jua limechoma mahindi ya wale waliolima na jembe la mukono. Bibiane alianguka kwenye ngazi ya kanisa, hakuvunjika. Kulitokea pia kifo cha muzee mumoja, usiyemujua.

Nimeandika maandishi yote ya kibati kwenye karatasi ya nyuma. Nimeyasoma mara mbili na miwani. Numero ya moteri haina kazi. Ile moteri ni ile ile iliyozaliwa na trakteri. Nilinunua bodi mwaka 2006 kwa muzungu wa mwisho wa shamba la pamba, na kila kitu kilikuwa ndani. Picha haiwezekani, Larissa ana mitihani ya kusahihisha.

Muambie yule wa Kadutu asikuzungushe. Wafanyabiashara wa Bukavu wanapenda maswali.

Anaclet

*

Bukavu, 12 Machi 2023

Baba Mudogo,

Tunamshukuru Mungu kwa mifupa ya Tantine. Umwambie kwamba mtoto wangu Noëlla amepokea komunyo ya kwanza, alivaa viatu vyangu vya zamani na hakuna aliyegundua.

Hiki hapa kitabu. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, Kifaransa, cha atelie. Hugues alikitafuta kwa kufuata kibati chako. Alinionya tena: “Bila numero ya moteri, mimi sina garanti.” Nikamwambia baba yangu mdogo ameandika kwa mkono wake kwamba moteri ni ya asili. Akasema sawa.

Kipimo cha kukaza kulasi kiko ukurasa wa 64. Nimeweka kipande cha karatasi.

Gisèle

*

Kamanyola, tarehe 2 Mei 2023

Mama,

Samahani kwa ukimya. Barabara ya Ngomo ilikatika, Christophe alikaa huku chini wiki mbili akicheza karata.

Kitabu hakikutusaidia. Ezéchiel alikaza kama kilivyosema. Trakteri iliwaka, ikatembea mpaka kwenye mufereji wa maji, ikazimika. Tulipofungua, jwenti mupya imeungua na kulasi yenyewe imepasuka kidogo pembeni. Kuna fundi wa kuchomelea anasema itapona. Ezéchiel alifunga vyombo vyake, akaenda kwake bila kunipa mukono.

Nakirudisha. Ubadilishe na kingine. Usiulize mengi, chagua tu kingine.

Anaclet

*

Bukavu, 21 Mei 2023

Baba Mudogo,

Tuko wazima. Baba aliniomba viatu vya mvua, nitampelekea Julai.

Nilifungua kitabu kabla ya kumrudishia Hugues, nione kama kurasa ni nzima. Ukurasa wa 64 una msalaba mkubwa wa kalamu ya risasi. Chini yake Ezéchiel ameandika, nanukuu yote:

“Hii siyo yetu. Buloni za kitabu 18, zetu 22. Nilionyesha papa. Papa alisema kaza. Numero ya moteri: K 407316.”

Papa huyo ni wewe, na wewe uliniandikia tarehe 20 Februari kwamba moteri ilizaliwa na trakteri. Fundi anaandika vingine, tena kwa kuhesabu. Mmoja wenu anakosea. Hugues ameangalia numero hiyo kwenye madaftari yake: si moteri ya trakteri nyekundu, ni ya kabila nyingine kabisa, na kitabu chake hajakiona sokoni miaka kumi.

Sikulaumu kwa kutojua. Nauliza tu: moteri hiyo ilitoka wapi? Nikijua ilikotoka, labda kitabu chake kiko huko huko.

Gisèle

*

Kamanyola, tarehe 18 Juni 2023

Gisèle,

Salamu kwa Noëlla. Bibiane anakusalimu.

Nilikuomba kitabu, sikuomba uchunguzi. Ezéchiel nimemuambia atafute pa kuandika pengine. Masomo yako ya juu yalitoka kwenye jembe la mashini hii, kumbuka hilo unapoiuliza ilizaliwa wapi.

Kama kitabu hakiko, acha.

Anaclet

*

Bukavu, 9 Julai 2023

Baba Mudogo,

Salamu zetu kwa Tantine. Najua nani alinisomesha na sijasahau. Lakini uliniomba nisimwambie Baba, na nimemwambia. Naeleza jinsi ilivyokuwa, usije ukasikia vingine.

Jana nilishuka Mumosho na viatu vyake vya mvua. Kitabu kilikuwa bado ndani ya kikapu changu, kwa sababu Hugues alikuwa amefunga. Baba alikiona akauliza ni cha nini. Nikamweleza kwa kifupi: trakteri ya mdogo wako, jwenti, buloni. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari ya mvua. Akaniuliza: “Banakupatia numero?” Nikaanza kumsomea: “K, mia nne na saba...” Akamalizia yeye, bila kunitazama: “Tatu, moja, sita.”

Alitoka nje. Alikaa kwenye miche ya kahawa muda wa kuchemsha mihogo. Aliporudi alifungua sanduku lake la bati. Chini ya cheti cha ndoa kulikuwa na mfuko wa unga, na ndani ya mfuko kitabu cha atelie chenye jalada la buluu. Ukurasa wa kwanza una muhuri wa Koperative ya Wakulima wa Bonde, na mwandiko wa Baba: “Moteri K 407316. Dereva: Mugisho. 3 Juni 1991.” Kila Jumamosi alikuwa anaandika numero hiyo kwenye daftari la kazi. Ndiyo maana anaijua kama Baba Yetu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano wakati wa vita ya 98. Ninachojua ni kile ambacho kila mtu wa Kamanyola anajua: wenye silaha walikuwa wanachukua kila kitu chenye magurudumu, komite ikafungua trakteri ya koperative vipande vipande, kila familia ikaficha kimoja. Magurudumu kwa huyu, radiateri kwa yule, moteri kwa dereva. Utulivu ulipoanza kurudi, kila kipande kilirudi isipokuwa moteri. Baba alisema tu, “Mnipe wakati.” Kisha hakusema tena. Wakaandika kwamba ameuza. Watoto wenzangu waliniita Mutoto wa Moteri mpaka tulipohama. Hajaingia Kamanyola miaka ishirini na minne, hata kwa maziko ya mama yenu alisimama barabarani, hakuingia.

Nilimuuliza: “Baba, moteri ulimpa nani?” Akajibu: “Mama yetu alikuwa angali muzima.” Akafunga sanduku.

Kwa hiyo kitabu sahihi kimepatikana. Hakuna haja ya kutafuta tena.

Gisèle

*

Kamanyola, tarehe 13 Agosti 2023

Mama Gisèle,

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Bibiane aliisoma kabla yangu, kwa sababu Christophe alimupa yeye. Tangu siku ile ananiwekea chakula na kutoka.

Nitaandika kama ilivyokuwa, na ukimaliza kusoma usinitafutie maneno ya kunituliza.

Yaya alileta moteri kwangu na mukokoteni, chini ya majani ya migomba, sababu kiwanja changu kilikuwa mbali na barabara. Tuliifukia wawili nyuma ya choo. Hakuna mutu wa tatu aliyeona. Aliporudi kuiomba, wale watu wenye silaha walikuwa wangali darajani. Mwenzetu mumoja alikubali kwamba ameficha jenereta, wakamupiga hadharani na jenereta wakachukua. Niliogopa. Yaya alisimama kwenye mulango, nikamuuliza: “Moteri gani?” Aliniangalia. Mimi nilifikiri: wiki moja, halafu nitamuita. Wiki ilipita. Komite iliketi. Mama alikuwa mugonjwa, na yaya akanyamaza ili mama asizikwe kati ya watoto wawili wanaoshitakiana. Mimi ukimya wake niliuchukua kama ruhusa. Mwisho wa mwezi alikuwa ameshahama.

Baada ya hapo kila mwaka ulifanya neno kuwa zito zaidi. Mwaka 2006 niliona bodi ya yule muzungu, haina moteri. Nilinunua. Nikafukua. Kila asubuhi nilipowasha, nilikuwa najua nawasha nini. Watu wanasema trakteri ilinila masikio. Wewe fikiri unavyotaka.

Nilijua kwamba kitabu cha kwanza siyo chake. Nilisema kaza, nikitumaini itakubali. Ezéchiel ni fundi mwaminifu, nimemufuata nyumbani kwake na amerudi.

Septemba imefika mulangoni. Mupe Christophe kile kitabu cha buluu. Wiki moja tu, tutanakili vipimo na kukirudisha. Nakuomba.

Anaclet

*

Bukavu, 27 Agosti 2023

Baba Mudogo,

Nimesoma barua yako, na leo baada ya misa nimeisoma tena kwa sauti kule Mumosho. Baba alinisimamisha mara moja tu, kwenye neno “mukokoteni”, akasahihisha: ulikuwa mkokoteni wa parokia, na gurudumu moja lilikuwa bovu.

Nilimwuliza kama nimpe Christophe kitabu. Akasema: “Hiki kitabu hakipandi gari bila mimi. Na ile moteri haikazwi na kitabu peke yake. Buloni ya saba na ya kumi na mbili zina ugonjwa wao, hawakuandika humu, mimi ndiye najua.”

Nikamwambia, basi shuka, Baba, ni saa mbili za gari. Akauliza: “Nikifika Kamanyola, nifike kama nani?”

Nimeandika swali lake kama alivyolisema. Wa kulijibu ni wewe. Nyumba kumi na nane zinakungoja, najua, na mvua hazitangoja. Lakini jibu hilo haliuzwi Kadutu.

Gisèle

*

Kamanyola, Jumatatu, tarehe 11 Septemba 2023

Mama Gisèle,

Mvua ya kwanza ilianguka Jumamosi. Watu wa nyumba kumi na nane wanapita mbele ya lupango yangu, kiwanja cha nyumba, wanatazama trakteri, wanatazama mawingu. Bibiane magoti yanauma.

Jana kwenye misa ya pili, wakati wa matangazo, niliinua mukono. Polycarpe, mukatekista, ndiye anayesoma matangazo. Zamani alikuwa sekretera wa koperative, ni yeye aliyeandika kwa mukono wake kwamba yaya ameuza. Alifikiri nataka kutangaza siku ya kulima, akanipa nafasi. Sikupanda altareni. Nilisimama pale nilipoketi, nikasema kwa sauti, sijui ilikuwa kubwa kiasi gani, sababu sijisikii:

“Moteri ya koperative, numero K 407316, ni mimi niko nayo tangu mwaka 98. Mugisho hakuiuza. Alinipa niifiche, na mimi nikamukana mulangoni mwangu.”

Halafu nikaketi.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Kanisa lote lilifungua midomo, na mimi sikusikia neno hata moja. Niliona Polycarpe anavua miwani. Niliona muzee Zagabe, aliyeficha radiateri mwaka ule, amesimama na kuninyooshea kidole, anasema kitu kirefu, mate yanaruka. Mama mumoja nyuma yake alikuwa analia ao anacheka, mbali vile sikutambua. Padri aliinua mikono, wakakaa. Larissa aliandika yote waliyosema nyuma ya karatasi ya nyimbo, pande mbili, akaikunja na kunipa. Iko mfukoni mwa koti. Sijaisoma. Nitaisoma yaya akiwa amekaa karibu, sababu nusu ya maneno yale ni yake kuyapokea.

Baada ya misa Polycarpe na Zagabe walikuja mpaka kwangu. Walizunguka trakteri. Zagabe alipitisha kidole juu ya numero, akafuta grisi na shati yake ya Jumapili. Kisha aliniandikia kwenye kikaratasi: MOTERI SIYO YAKO. Nikaandika chini yake: najua, lakini muichukue ikiwa inatembea. Walisoma wote wawili. Polycarpe aliongeza mustari mumoja: TULIME KWANZA.

Christophe anashuka huku Ijumaa. Nimemuambia kiti cha mbele ni cha yaya, asikiuze kwa mutu. Yaya asisahau kitabu, na asisahau miwani, Ezéchiel anasema herufi za vile vitabu ni ndogo kama mayai ya chawa.

Aliuliza atafika kama nani. Umuambie hivi: Ezéchiel amefagia chini ya trakteri, ameweka kiti kimoja pembeni ya moteri, amepanga buloni ishirini na mbili juu ya gunia, na anasema hakazi hata moja mpaka dereva afike.

Anaclet